Barua ya Wazi: Msiwaache Maskini Wajitetee Peke Yao Mbele ya Hukumu ya Kifo

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri ya Kenya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Kamati ya Haki na Masuala ya Kisheria,

KUH: MSAADA WA KISHERIA KWA WASIO NA UWEZO WA KUMLIPA WAKILI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika Kaunti ya Kilifi. Watu ninaokaa nao ni wale ambao kesi imewafika kabla hawajajua hata korti iko wapi: mama aliyeitwa kituoni kwa sababu mwanawe amekamatwa, mzee aliyeletewa notisi ya kuhama shamba, mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za faraghani, ambazo mimi na wenzangu tulizipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa, hazikujibiwa. Tuliambiwa tungoje. Waliokuwa rumande wakati ule walingoja pia, na baadhi yao wamekwisha kufungwa.

Sidai haki mpya. Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali ikiwa kumwacha bila wakili kutaleta dhuluma kubwa, na aelezwe haki hiyo mara moja. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada, isiwe ya kumzuia. Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, nambari 6 ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na Mfuko wa kuilipia kazi hiyo. Yameandikwa vizuri yote. Lakini anayeshtakiwa kijijini hayamfikii, na hasa hayamfikii siku ile ambayo yangemfaa. Nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Hukumu ya kifo bila wakili

Naanza na hili kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mtu akishtakiwa kwa mauaji, kesi yake husikizwa Mahakama Kuu, na huko kwa desturi ya miaka mingi hutafutiwa wakili wa kulipwa na serikali. Wizi wa mabavu, chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, husikizwa na hakimu, na adhabu iliyoandikwa ni ile ile: kifo. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Kwa hiyo hakimu anayemtia mtu hatiani kwa wizi wa mabavu ana sheria inayomwelekeza kwenye kifo, na kizimbani mbele yake huenda amesimama kijana ambaye hajawahi kuzungumza na wakili tangu azaliwe.

Wala tusidhani kosa hili ni la magenge yenye bunduki peke yake. Sheria inatosheka na jambo moja kati ya matatu: mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja au zaidi, au awe amempiga au kumjeruhi mtu wakati wa wizi. Vijana wawili waliompokonya mtu simu stendi ya matatu jioni wanaingia humo. Sisemi wasishtakiwe. Aliyepokonywa simu na kuangushwa chini ana haki yake, na mara nyingi yeye pia ni maskini wa kijiji kile kile. Ninalosema ni kwamba kesi inayoweza kumaliza uhai wa mtu isisikizwe akiwa peke yake.

Nimekaa mara nyingi kwenye mabenchi ya nyuma ya korti nikayaona yanavyokwenda. Shahidi anamaliza, hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una swali lolote kwa shahidi?" Kijana anaanza kueleza alikokuwa usiku ule. Anakatizwa kwa upole, anaambiwa huu ni wakati wa kuuliza, zamu yake ya kujieleza itafika. Ananyamaza, anatazama chini, kisha anasema, "Sina swali." Linaandikwa kwenye rekodi vivyo hivyo. Siku rufaa itakaposikizwa, majaji watasoma kwamba ushahidi ule haukupingwa.

Wakili yeyote, hata aliyeapishwa juzi, angejua la kuuliza. Palikuwa na mwanga gani? Mlikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa unamjua kabla ya siku hiyo, na kama ulimjua, mbona hukumtaja jina ulipopiga ripoti mara ya kwanza? Gwaride la utambuzi, la kumchagua mshukiwa katikati ya watu wengine, lilifanyika? Tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, mahakama za rufaa za eneo hili zimekuwa zikionya juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja hali ya kuona ikiwa ngumu. Onyo hilo ni la zaidi ya miaka sabini. Linamfaa nani, ikiwa anayelihitaji hajui kwamba lipo?

Na Mahakama ya Juu yenyewe imekwisha kueleza nini kitazamwe. Katika kesi ya Karisa Chengo na wenzake wawili, iliyotoka huku kwetu Pwani na kuamuliwa Mei 2017, ilisema haki ya wakili wa serikali haiji yenyewe kwa kila kesi, ila korti itazame uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, na ugumu wa mashtaka. Mchukueni kijana wa bodaboda aliyeishia darasa la sita, anayeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, mumpime kwa vipimo hivyo. Ni kipi asichotimiza?

Mtaniambia kwamba hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Ni kweli. Na ni kweli kwamba Rais Kibaki mwaka 2009 aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kunyongwa, na Rais Kenyatta mwaka 2016 akawabadilishia wengine zaidi ya 2,700. Lakini kubadilishiwa kifo kuwa kifungo cha maisha si kusikizwa upya. Aliyefungwa kwa kosa asilolifanya anabaki ndani.

2. Kukiri mashtaka kabla ya kuonana na mtu yeyote anayejua sheria

Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo ndizo zinazoamua mengi, na ndizo ambazo mtu hana wa kumsaidia. Akiwa seli anaambiwa na wenzake, na wakati mwingine na watu wanaopaswa kumlinda: "Kubali tu, upigwe faini ndogo, uende nyumbani." Asubuhi anasomewa mashtaka, anajibu "ni kweli", na kufikia saa nne ni mfungwa.

Wengi wao hawajui walichokipoteza kwa maneno hayo mawili. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia tu ukubwa au uhalali wa adhabu. Ni kweli kwamba tangu uamuzi wa Adan wa 1973 hakimu anatakiwa amweleze mshtakiwa mashtaka kwa lugha anayoielewa, ukweli wa kesi usomwe, na apewe nafasi ya kuupinga. Lakini mtu aliyelala sakafuni usiku kucha, anayewaza watoto wake wamekula nini, huitikia kila anachosomewa. Nimemuuliza mama mmoja aliyetoka kifungoni kwa nini alikiri kuiba mahindi ya shamba ambalo familia yake ililima kwa miaka. Akanijibu, "Mwanangu, walisoma kwa haraka, na mimi nilitaka wamalize."

Muda wa kukata rufaa ni siku 14. Ndani ya siku hizo mfungwa aliyeachwa peke yake apate nakala ya hukumu, apate mtu wa kumwandikia sababu za rufaa, na sababu hizo ziwe za kisheria.

Sheria yenu ya 2016 imeliona hili. Kifungu cha 43 kinaitaka korti imweleze mshtakiwa asiye na wakili kwamba ana haki ya kuwakilishwa, na pale dhuluma kubwa inapoelekea kutokea iiarifu Huduma impatie wakili. Sheria hiyo hiyo inawataka wasimamizi wa vituo vya polisi na magereza wamwambie kila anayeingizwa mahabusu, kwa lugha anayoielewa, kwamba msaada upo, na wamuulize kama anautaka. Watu ninaowahudumia, ninapowauliza kama waliambiwa, hunitazama kama mtu anayewauliza habari za nchi nyingine.

3. Dhamana kwa wasio na hati

Hili ni la Pwani hasa, na naomba mlisikize kwa makini. Dhamana ni haki chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba, lakini hata korti inapompa mtu bondi, mdhamini huombwa hati ya shamba au kitabu cha gari. Huku kwetu maelfu ya familia wanaishi kama maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa juu yake na babu zao wamezikwa ndani yake. Hati hawana. Ukoo mzima unaweza kusimama kortini ukiwa tayari kumdhamini mtoto wao, na wasiwe na karatasi hata moja ya kuweka mezani. Kijana anarudi rumande si kwa sababu korti inaogopa atatoroka, bali kwa sababu babake hana hati.

Wakili angeomba masharti yapunguzwe, angeleta barua ya chifu, angeomba dhamana ya ahadi, isiyodai mali yoyote, angekumbusha kwamba Kifungu cha 49(2) kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Mama aliyetoka Ganze na nauli ya kuazima hajui kwamba kitu kama hicho kinaweza kuombwa.

4. Mfuko

Kifungu cha 29 cha Sheria ya 2016 kimeunda Mfuko wa Msaada wa Kisheria, na Bunge ndilo la kwanza kati ya wanaotarajiwa kuujaza. Mheshimiwa Waziri, mkono wa serikali unaokamata unalipwa kila mwezi. Mpelelezi analipwa, mwendesha mashtaka wa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma analipwa, hakimu analipwa, askari wa gereza analipwa. Wote hao walipwe, tena vizuri zaidi. Ila katika chumba kile cha korti, mtu pekee ambaye hana wa kumsaidia kutoka kwenye kodi hiyo hiyo ni yule anayeweza kupoteza kila kitu. Naye pia analipa kodi, kila anaponunua unga.

5. Umbali na lugha

Ofisi za msaada wa kisheria ziko mijini. Fomu zake ni za Kiingereza, na ombi linatakiwa liwe la maandishi. Mzee wa Magarini au wa Kinango anayeongea Kigiriama au Kiduruma, na Kiswahili cha sokoni, atazijaza vipi? Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7 cha Katiba. Kuzitafsiri fomu hizo hakuhitaji hata muswada Bungeni.

6. Ardhi na mirathi

Msaada wa kisheria si wa wanaoshtakiwa peke yao. Sheria ya 2016 inahusu pia kesi za madai, na huku ndiko wanakoumia wanawake na wazee. Mtu aliyekaa waziwazi kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa zaidi ya miaka 12 anaweza kuidai kwa sheria, lakini kwa kawaida yeye mwenyewe hutakiwa afungue kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa hati ya kisheria yenye utaratibu wake. Akingoja hadi notisi ya kuondoka imfikie, mwenye hati huenda ameshaleta wakili. Mjane naye, awe kwa Kadhi au kwa hakimu, hukuta mali imeorodheshwa bila jina lake, na hana wa kumwandikia pingamizi. Nimewaona wajane waliouza mbuzi wa mwisho kumlipa mtu wa kuandika barua moja, na barua yenyewe ikapelekwa korti isiyohusika.

Waheshimiwa, najua majibu yanayoandaliwa kwa malalamiko kama haya, kwa sababu tumeyasikia barazani na ofisini.

Kwamba fedha hazipo. Mtu wa rumande analishwa, analindwa na kupelekwa kortini kwa gari la serikali kila kesi yake inapotajwa, na kesi iliyosikizwa vibaya hurudiwa upya kwa gharama ile ile. Fedha zinatumika tayari, ila zinatumika kumweka ndani.

Kwamba mawakili wanajitolea. Wapo, Mungu awabariki, na baadhi yao nawajua kwa majina. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu 1973, na FIDA, shirika la mawakili wanawake, tangu 1985. Lakini anayejitolea huja siku anayoweza, na kesi huitwa siku inayotakiwa na korti. Jukumu ambalo Katiba imeliweka mabegani mwa serikali haliwezi kuachiwa hisani ya watu.

Kwamba mawakili ni wachache nje ya miji. Basi tumieni wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya 2016 inawatambua. Malawi, nchi isiyotuzidi kwa mali, ilianza mwaka 2000 kuwaingiza wasaidizi wa kisheria magerezani kuwaelimisha mahabusu, kuwasaidia kuomba dhamana na kuwatafuta waliosahaulika ndani. Sisi hatuwezi kumwakilisha mtu mbele ya hakimu, na hatuombi kufanya hivyo. Tunaweza kumfikia seli kabla hajajibu mashtaka. Wengi wetu hata nauli ya kufika huko tunajitafutia wenyewe.

Kwamba watu watajifanya maskini. Sheria inataka uwezo wa mwombaji upimwe kabla hajasaidiwa. Mpimeni.

Kwamba wazee na upatanisho watamaliza mambo. Kwa ugomvi wa mipaka na wa ndugu, naam, na mimi mwenyewe hukaa kwenye vikao hivyo nikaona vinavyoponya. Hakuna baraza la wazee linaloweza kumwondoa mtu kwenye kifungu cha 296(2).

Na lipo lile linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba tunawatetea wahalifu. Katiba inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Aliyeibiwa pia hafaidiki na kesi iliyomfunga mtu asiye yeye, huku mwizi halisi akiendelea kupita mlangoni kwake.

Kwa hivyo tunaomba haya:

Kwanza, kwa Waziri na Wabunge: makadirio ya bajeti yanayofika Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili yawe na fungu la Mfuko wa Msaada wa Kisheria linaloonekana kwa jina lake, na mtueleze hadharani ni kesi ngapi linakusudiwa kulipia.

Pili, Kamati ilete marekebisho ya kifungu cha 43 cha Sheria ya 2016 ili kesi yoyote yenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, iwe kwa hakimu au Mahakama Kuu, isianze kusikizwa kabla mshtakiwa hajapata wakili, isipokuwa akikataa mwenyewe baada ya kuelezwa vya kutosha. Hili ndilo ombi letu kubwa. Mkishindwa na mengine yote mwaka huu, anzeni na hili.

Tatu, kila korti ya hakimu iwe na wakili wa zamu au msaidizi wa kisheria anayelipwa, asubuhi, kabla mashtaka hayajasomwa. Nusu saa na watu walioletwa kutoka seli ingezuia dhuluma nyingi sana.

Nne, fomu zote ziwe kwa Kiswahili, na tangazo la haki ya msaada libandikwe ukutani katika kila seli na kila gereza, lisomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma.

Tano, Mwanasheria Mkuu achapishe kila mwaka, kaunti kwa kaunti, idadi ya walioomba msaada, waliopewa, waliokataliwa na wanaongoja.

Kuhusu dhamana kwa wasio na hati, tunaiomba ofisi ya Jaji Mkuu, ambaye nakala hii inamwendea, iwaelekeze mahakimu kuipa uzito barua ya chifu na ushahidi wa makazi pale ambapo ardhi ya eneo zima haina hati.

Tunaomba jibu la maandishi kabla makadirio hayajawasilishwa. Tuko tayari kuja Nairobi tukiitwa, na tutafurahi zaidi mkija ninyi: chagueni korti yoyote ya hakimu Pwani, Jumatatu asubuhi, mkae benchi la nyuma, muhesabu ni wangapi watakaojibu mashtaka bila mtu kando yao.

Wenu mwaminifu,

Msaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Kaunti ya Kilifi.

Nakala kwa: Jaji Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Rais wa Chama cha Wanasheria nchini, Magavana na Wabunge wa kaunti za Pwani.